Falongi ni Kitu Gani? Neno la Kale la Waingereza na Viwanja vya Isiolo

Mtu akishuka kutoka Nanyuki au Meru kuelekea kaskazini, mji wa kwanza mkubwa anaoukuta baada ya kuiacha baridi ya mlima ni Isiolo. Hapo hukutana watu wa kila namna: Waborana, Wasomali, Wameru, Wasamburu na Waturkana. Hapo ng'ombe, mbuzi na ngamia huletwa sokoni, na hapo ndipo inapoanza safari ndefu ya kwenda Marsabit na Moyale. Lakini siku hizi kuna biashara nyingine inayozungumzwa katika kila mkahawa wa mji, nayo ni biashara ya viwanja. Tangu mwezi wa Machi 2012, ulipozinduliwa huko Lamu mradi mkubwa wa bandari, barabara na reli unaokusudiwa kupita Isiolo kwenda Ethiopia na Sudani ya Kusini, watu wengi wametamani kupata mahali pa kujenga katika mji huu.

Basi, ndugu msomaji, ukikaa mkahawani ukasikiliza, utasikia maneno matatu yakirudiwa: eka, thumuni ya eka, na hamsini kwa mia. Hili la tatu maana yake ni kiwanja chenye upana wa futi 50 na urefu wa futi 100. Na karibu kila mtu atakuambia kwamba thumuni ya eka na hamsini kwa mia ni kitu kimoja, tofauti ni jina tu.

Tutwae mfano wa mzee mmoja mfugaji, ambaye kwa kuogopa ukame aliuza baadhi ya ng'ombe wake ili watoto wake wapate pa kukaa mjini. Alikwenda na dalali mpaka kwenye kiwanja. "Mzee wangu," dalali akamwambia, "hii ni thumuni ya eka kamili, hamsini kwa mia." Mzee hakutegemea maneno matupu. Alikipima kiwanja kwa hatua zake, kwa upana na kwa urefu, akaridhika, akalipa. Siku ilipokuja hati, alimpa mwanawe karani amsomee. Hati haikutaja eka wala futi. Ilisema hekta 0.045 tu.

Yule kijana akachukua kalamu, akapiga hesabu, akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Baba, ardhi yetu imepungua."

"Imepungua vipi," mzee akauliza, "nami niliipima kwa miguu yangu mwenyewe?"

Huu ni mfano tu, lakini mambo yake ni ya kweli, nao wanunuzi wengi wa Kenya wamekutana nayo, si Isiolo peke yake. Je, nani aliyekosea? Ni mzee, ni dalali, au ni mwandishi wa hati? Ili tupate jibu yatupasa kwanza kuliuliza neno moja la Kiingereza ambalo karibu watu wote wamelisahau. Neno lenyewe ni falongi.

Mfuo wa plau

Wazee waliosoma shule kabla ya Uhuru wa 1963 walilikariri neno hili katika orodha ya vipimo: inchi 12 ni futi moja, futi 3 ni yadi moja, yadi 22 ni mnyororo mmoja, minyororo 10 ni falongi moja, na falongi 8 ni maili moja. Mtoto aliyesahau alipata fimbo. Lakini ni wachache walioambiwa maana ya falongi, au kwa nini iwe yadi 220, wala si 200 au 250.

Katika Kiingereza cha kale neno hili lilikuwa maneno mawili yaliyounganishwa, nayo maana yake ni "urefu wa mfuo". Mfuo ni ule mstari unaoachwa na plau katika udongo. Hapo kale wakulima wa Uingereza walilima mashamba makubwa ya pamoja, kila mtu akiwa na vipande vyake vyembamba humo ndani. Plau yao ilikuwa nzito, nayo huenda ikavutwa na maksai wanane waliofungwa nira wawili wawili. Mkulima yeyote wa Ukambani aliyewahi kulima kwa maksai ajua kwamba taabu haiko katika kwenda mbele, bali katika kugeuza. Kila ukifika mwisho wa shamba huna budi kusimama, kuinua plau, kuwazungusha wanyama na kuanza tena. Kwa hiyo ilikuwa faida kuufanya mfuo uwe mrefu iwezekanavyo, lakini usiwe mrefu hata maksai wakaishiwa na pumzi kabla ya kufika mwisho. Urefu huo ndio uliokuwa falongi.

Kutokana na falongi ikazaliwa eka. Zamani neno hili la eka, ambalo wenzetu wa Tanzania huliita ekari, lilikuwa na maana ya shamba tu. Baadaye likawa na maana ya kadiri ya ardhi ambayo kikosi kimoja cha maksai kingeweza kuilima kwa siku moja. Kadiri hiyo ilikuwa kipande chenye urefu wa falongi moja, yaani yadi 220, na upana wa yadi 22. Kwa hiyo eka ya asili haikuwa mraba. Ilikuwa ndefu na nyembamba kama mkeka wa kupitia, urefu wake mara kumi ya upana wake. Zidisha futi 660 kwa futi 66, nawe utapata futi za mraba 43,560. Hiyo ndiyo eka hata leo. Tarakimu hizi zenye kuchokoza hazikutoka katika akili ya mwanachuoni. Zilitoka katika pumzi za maksai.

Na kwa kuwa mwanzo wake ulikuwa kazi, wala si kamba, eka haikuwa sawa kila mahali. Eka ya Ireland na eka ya Scotland zilikuwa kubwa kuliko ile ya England, ijapokuwa nchi hizo ni jirani. Mtu aliyenunua eka bila kuuliza ni eka ya wapi, aliweza kupunjika hata katika siku hizo.

Maili ilipoinamia shamba

Sasa tusikilize jambo lililotokea mwaka 1593, wakati wa Malkia Elizabeth wa Kwanza. Waingereza walikuwa na maili waliyoirithi kwa Warumi wa kale. Maili ya Warumi ilikuwa hatua elfu moja za askari, kila hatua ikihesabiwa kwa kuweka mguu wa kushoto na wa kulia, nayo ilikuwa futi 5,000. Lakini futi 5,000 hazikubali kugawanyika kwa falongi. Falongi ni futi 660. Falongi saba hazifiki maili hiyo, na falongi nane zaipita.

Basi Bunge lilikuwa na njia mbili. Ama liipunguze falongi ili ilingane na maili, ama liirefushe maili ili ilingane na falongi. Kama falongi ingepunguzwa, eka nayo ingepungua, na mipaka ya mashamba, kodi na hati za kumiliki ardhi katika nchi nzima zingevurugika. Kwa hiyo maili ndiyo iliyobadilishwa. Sheria ikasema kwamba maili ni falongi nane, yaani futi 5,280, na ndiyo maili tuliyoijua hapa kwetu.

Tuliangalie jambo hili vizuri. Kipimo cha safari, cha majeshi na wajumbe wa serikali, kiliongezwa futi 280 ili shamba la mkulima lisipungue hata futi moja. Watu wale walifahamu kwamba ukibadilisha kipimo cha ardhi pasipo kuangalia, utakuwa umehamisha mali kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, ijapokuwa hakuna jiwe la mpaka lililosogezwa.

Mnyororo wa padri

Yapata miaka 27 baadaye, mwaka 1620, padri mmoja Mwingereza aliyekuwa pia mwanahesabu, jina lake Edmund Gunter, alitengeneza mnyororo wa wapima ardhi. Ulikuwa na pete 100, na urefu wake ulikuwa futi 66, yaani ule ule upana wa eka ya kale. Ustadi wake ulikuwa huu: aliunganisha vipimo vya wakulima na hesabu ya makumi. Minyororo 10 ikawa falongi. Minyororo 80 ikawa maili. Na minyororo 10 ya mraba ikawa eka moja kamili. Mpimaji aliyetoka shambani na hesabu yake ya minyororo hakuhitaji kujisumbua na tarakimu za 43,560. Aligawanya kwa kumi tu, kazi ikaisha.

Mnyororo huo ulienea mpaka Marekani, India na Australia. Baadaye kanda za chuma na mitambo mipya zilishika mahali pake, lakini alama zake hazikufutika. Uwanja wa kriketi, kutoka miti mitatu ya upande mmoja mpaka miti mitatu ya upande wa pili, ni yadi 22, yaani mnyororo mmoja. Na katika michezo ya kukimbia, mashindano ya yadi 220, 440 na 880 yaliyokimbiwa katika shule zetu yalikuwa falongi moja, falongi mbili na falongi nne. Kipchoge Keino alipopata ushindi wa maili moja na wa maili tatu katika michezo ya nchi za Jumuiya ya Madola huko Kingston, Jamaika, mwaka 1966, alikuwa amekimbia falongi 8 na falongi 24, pengine bila kujali jina hilo. Michezo iliyofuata, ya mwaka 1970 huko Edinburgh, ilipimwa kwa mita. Leo neno falongi lasikika hasa katika mashindano ya farasi huko Uingereza. Kwa watu wengine limekufa.

Jinsi eka ilivyokuja kukaa kwetu

Katika Kenya eka ilikuja pamoja na utawala wa Waingereza. Mashamba ya walowezi yalipimwa kwa eka. Mwaka 1954 ulipoanza mpango wa kilimo ulioitwa kwa jina la Swynnerton, na vipande vya ardhi vya Waafrika vikakusanywa na kuandikishwa, hesabu ilikuwa ya eka. Tangu mwaka 1962 wakulima wengi walipewa makao katika nchi iliyokuwa ya walowezi, na mpango wenyewe uliitwa Mpango wa Eka Milioni. Kwa hiyo neno hili liliingia kinywani pamoja na machozi ya kunyang'anywa ardhi na furaha ya kuipata. Neno la namna hiyo halitoki upesi.

Baada ya Uhuru, Kenya iliingia katika vipimo vya mita, kilo na lita. Karatasi za ardhi zikaanza kuandikwa kwa hekta. Hekta moja ni mita za mraba 10,000, nayo ni karibu eka mbili na nusu. Kwa hesabu ya uangalifu zaidi, ni eka 2.47. Lakini watu hawakuacha kusema eka. Mpaka leo muuzaji na mnunuzi hupatana kwa eka, fundi hujenga kwa futi, na serikali huandika kwa hekta na mita. Mapatano hukaa kinywani kwa lugha moja, na mali hukaa karatasini kwa lugha nyingine.

Huko Isiolo jambo hili lina uzito wake. Nchi kubwa ya kaskazini haikukatwa vipande kama nchi ya milimani. Ardhi nyingi ilikuwa ya jamii, ikishikwa kwa amana na baraza la wilaya, na ni baada ya Katiba ya 2010 na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 ndipo jamii zilipopewa njia ya kuiandikisha kwa jina lao wenyewe. Mfugaji wa nchi hii hakuwa na haja ya kuhesabu eka. Alipima njia kwa siku za mwendo wa mifugo, na malisho kwa umbali wake na maji. Eka kumi za nchi kavu pasipo kisima hazimnenepeshi ngamia hata mmoja. Kwa hiyo mzee wa kwetu anaponunua kiwanja mjini, huingia katika kipimo ambacho baba yake hakukitumia kamwe, na tena huingia wakati kipimo hicho chenyewe kimekwisha kuondoka katika hati.

Thumuni isiyo thumuni

Tusiwacheke Waingereza kwa maneno yao ya kale, kwa kuwa sisi pia tunayo. Watu wa pwani walipima nguo kwa shibiri, mkono, wari na pima, na nafaka kwa kibaba na pishi. Leo duka halina kibaba, lakini kila mtoto ajua kwamba haba na haba hujaza kibaba.

Lakini mfano ulio bora zaidi ni neno lile lile la thumuni. Maana yake ni sehemu moja katika sehemu nane. Hata hivyo, watu wa Kenya waliiita sarafu ya senti 50 thumuni, au sumuni, na senti 50 si sehemu ya nane ya shilingi. Ni nusu yake! Jina hilo lilitoka wapi? Zamani za riali za fedha, thumuni ilikuwa sehemu ya nane ya riali moja. Riali ilihesabiwa yapata rupia mbili, hivyo thumuni ilikuwa robo ya rupia. Rupia ilipoondolewa baada ya mwaka 1920, na shilingi ikashika mahali pake kwa kadiri ya shilingi mbili kwa rupia moja, robo ya rupia ikawa senti 50. Riali ilikwenda, rupia ikaifuata, lakini jina likabaki juu ya sarafu mpya. Hakuna aliyedanganywa, kwa kuwa kila mtu aliiona sarafu mkononi, na imeandikwa thamani yake.

Thumuni ya eka ni kitu kingine. Hiyo huwezi kuitia mfukoni na kuitazama. Basi na tuihesabu.

Eka moja ni futi za mraba 43,560. Gawanya kwa nane: thumuni ya kweli ni futi za mraba 5,445, ambazo ni karibu mita za mraba 506, au hekta 0.0506. Sasa zidisha hamsini kwa mia: utapata futi za mraba 5,000 tu, ambazo ni mita za mraba 464 na nusu. Kwa hiyo hamsini kwa mia si thumuni ya eka. Imepungukiwa na futi za mraba 445. Vivyo hivyo, mia kwa mia, inayoitwa robo eka, ni futi za mraba 10,000, nayo robo ya kweli ni 10,890.

Huo ni upungufu wa kwanza. Upungufu wa pili hutokea pale kiwanja kinapoandikwa kwa mita. Futi 50 ni mita 15 na sentimita 24. Futi 100 ni mita 30 na sentimita 48. Mara nyingi sentimita hizo huachwa, na kiwanja hukatwa mita 15 kwa mita 30. Zidisha, nawe utapata mita za mraba 450, yaani ile hekta 0.045 aliyoisoma yule karani.

Na sasa tazama jambo la ajabu. Ukigawanya eka moja kwa mita za mraba 450, hupati viwanja nane. Wapata karibu viwanja tisa kamili, wala hakuna kinachopungua ila kisehemu kidogo sana kisichofaa kutajwa. Maana yake ni kwamba yule mzee alilipia thumuni, akaandikiwa tusui. Alilipia sehemu ya nane, akapata sehemu ya tisa. Tofauti yake ni karibu mita za mraba 56. Je, hiyo ni kidogo? Ni mahali pa kusimamisha nyumba ya mita 7 kwa mita 8. Kama kiwanja hicho, kwa mfano, kingekuwa kimeuzwa kwa shilingi 800,000 kwa kuitwa thumuni ya eka, basi zaidi ya shilingi 88,000 zililipiwa ardhi isiyokuwapo.

Ardhi hiyo ilikwenda wapi?

Isidhaniwe kwamba kila dalali ni mwizi. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo imekwenda katika barabara. Mtu mwenye eka moja akitaka kukata viwanja nane vya hamsini kwa mia, atatumia futi za mraba 40,000, na zitabaki 3,560. Akivipanga vinne upande huu na vinne upande huu, katikati patabaki njia ya urefu wa futi 200 na upana usiofika futi 18. Njia hiyo ni nyembamba. Malori mawili hayapishani humo pasipo mashaka. Akitaka barabara ya futi 30, basi ama atapata viwanja saba na kipande, ama atavifupisha viwanja vyote nane kwa futi sita hivi. Kwa hiyo anayekuambia kwamba eka moja hutoa thumuni nane kamili pamoja na barabara nzuri, amekuambia jambo lisilowezekana kwa hesabu, hata kama yeye mwenyewe aliamini.

Mnunuzi mwenye busara hataichukia barabara. Kiwanja kisicho na njia ni mfano wa boma lisilo na mlango. Lakini ni haki yake kujua kabla ya kulipa kwamba anachonunua ni mita za mraba 450, si 506, na bei ipatanishwe juu ya hizo 450.

Mambo ya kushika

Kwanza, usinunue jina, nunua tarakimu. Muuzaji akisema thumuni, mwulize: ni futi ngapi kwa ngapi, na ni mita za mraba ngapi? Zote mbili ziandikwe katika mapatano kabla ya fedha kutoka.

Pili, ujue njia ya kugeuza hekta. Hekta iliyoandikwa katika hati izidishe kwa 10,000, nawe utapata mita za mraba. Kwa mfano, 0.045 ni 450, na 0.101 ni mita za mraba 1,010, ambayo ni karibu robo eka ya kweli. Ukitaka eka, izidishe hekta kwa 2.47.

Tatu, ugawanye bei kwa mita za mraba. Viwanja viwili vyaweza kuitwa jina moja na kuuzwa bei moja, kimoja kikiwa kikubwa kuliko kingine. Bei ya mita moja ndiyo itakayokuonyesha kilicho rahisi.

Nne, usitosheke na hatua za miguu. Hatua za mrefu si hatua za mfupi. Mlete mpima ardhi mwenye leseni, ayatafute mawe ya mipaka na kuyalinganisha na ramani, nawe uwepo ukiona kwa macho yako.

Tano, fanya uchunguzi katika ofisi ya kuandikisha ardhi, ujue jina la mwenyewe na kama kuna deni juu ya ardhi hiyo. Na tena ukumbuke kwamba barua ya kugawiwa kiwanja si hati ya kumiliki. Watu wengi wenye barua peke yake wamejikuta wakisimama mbele ya mwingine mwenye barua kama yao, ya kiwanja kile kile.

Hatimaye, tumrudie yule mzee na mwanawe. Mzee hakukosea: alikipima alichoonyeshwa, nacho kilikuwa karibu futi 50 kwa 100. Mwandishi wa hati hakukosea: aliandika mita zilizopimwa. Dalali naye alisema kama wasemavyo watu wote mjini. Kosa lilikuwa ndani ya neno lenyewe. Neno liliagana na kipimo chake, likaendelea kutembea peke yake, na watu wakaliamini kwa sababu walilisikia kila siku.

Mwaka 1593 watu wa Uingereza waliirefusha maili yao ili shamba la mtu lisipungue. Sisi hatuwezi kuirefusha hekta, wala hatuna haja. Twaweza tu kufanya lile alilolifanya kijana yule karani, ila tulifanye mapema zaidi: tuchukue kalamu na karatasi kabla ng'ombe hawajauzwa. Wazee wetu walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Na katika mali zote, ardhi ndiyo ambayo mtu aweza kupotewa na sehemu yake huku amesimama juu yake.